Kazadi Mwamba, golikipa aliyeleta kombe na akabebeshwa aibu

Ile picha inajulikana dunia nzima. Ni mwaka 1974, Ujerumani Magharibi, Wabrazili wamepata frikiki karibu na goli la Zaire. Kabla hawajapiga, Ilunga Mwepu anachomoka mbio kwenye ukuta na kuupiga mpira mbali. Kila Kombe la Dunia likikaribia wanairudisha kwenye televisheni, na siku hizi kwenye simu, na watu wanacheka.

Nyuma ya ule ukuta kulikuwa na golikipa. Wengi wanaocheka hawajui jina lake, na wale wanaolijua wanamkumbuka kwa mabao aliyofungwa. Aliitwa Kazadi Mwamba. Miaka 6 kabla ya siku ile, alikuwa amechaguliwa mchezaji bora wa Kombe la Mataifa ya Afrika. Mchezaji bora wa mashindano yote, yeye golikipa, mbele ya washambuliaji wote waliofunga mabao. Kombe la Afrika lilianza mwaka 1957, na baada ya Kazadi hiyo heshima imeenda kwa washambuliaji, viungo na mabeki. Golikipa mwingine hajaipata.

Alizaliwa tarehe 6 Machi 1947, nchi ikiwa bado koloni ya Ubelgiji. Alikuwa na miaka 13 uhuru ulipofika, na mwaka huohuo wa 1960 Katanga ikajitenga, mambo yaliyodumu mpaka 1963. Mtoto wa wakati ule alijua milio ya risasi kabla ya kujua shangwe za uwanja. Vijana wa Ituri hawahitaji kuelezwa sana juu ya hilo.

Maisha yake ya mpira yalikuwa Lubumbashi, kwenye klabu ambayo leo kila mtu anaijua kwa jina la Mazembe. Zamani iliitwa majina mengine. Wamisionari Wabenedikto waliianzisha mwaka 1939 kwa jina la Saint-Georges, baadaye ikawa Saint-Paul, halafu ikachukua jina la Englebert, kampuni ya matairi ya magari iliyokuwa inaisaidia. Mwaka 1966 walichukua ubingwa wa nchi, kombe la Kongo na kombe la Katanga, yote matatu. Ni pale wakajiongezea jina la Tout Puissant, yaani Mwenye Nguvu Zote. Jina la kujisifu, ni kweli. Lakini walikuwa na sababu.

Kazadi, ambaye wakati ule watu walimwita Robert, ni wa kizazi hicho. Ndiye alikuwa golini wakati ile ekipe ilipotoka nje ya nchi na kuanza kutisha Afrika.

Mwaka 1967 Englebert walifika fainali ya kombe la klabu bingwa za Afrika, wakakutana na Asante Kotoko ya Ghana. Wakati ule Ghana ndiyo ilikuwa mwalimu wa mpira huku kwetu Waafrika weusi. Mechi ya kwanza Kumasi, 1-1. Mechi ya pili Kinshasa, 2-2. Sare mara mbili, na sheria za leo hazikuwepo. CAF ikaamuru mechi ya tatu ichezwe Kamerun. Watu wa Lubumbashi wakaenda. Kotoko hawakuonekana: habari ilifika kwa wakubwa wa mpira wa Ghana lakini haikufika kwa klabu yenyewe! Kombe likapewa Englebert. Kuna watu mpaka leo wanasema lile kombe lilitoka mezani. Basi mwaka uliofuata walijibu uwanjani. Walimfunga Étoile Filante wa Lomé 5-0, halafu kule Togo wakapigwa 4-1, jumla 6-4. Huo ulikuwa ubingwa wa pili mfululizo, na hakuna klabu ya Afrika iliyokuwa imefanya hivyo.

Katikati ya hayo mataji mawili ndipo ilikuja Ethiopia.

Januari 1968, Addis Ababa

Kombe la Mataifa la 1968 lilikuwa la kwanza kuchezwa na nchi 8, makundi mawili. Kongo haikuwa na jina. Mara ya kwanza, mwaka 1965 kule Tunisia, ilirudi nyumbani bila ushindi hata mmoja. Rais Mobutu, ambaye alikuwa amechukua madaraka Novemba mwaka huo, aliona mapema kwamba mpira unaweza kumjengea jina. Aliwaita nyumbani wachezaji Wakongomani waliokuwa wanacheza Ubelgiji na akafunga mlango: mchezaji hatoki tena kwenda kucheza nje. Kwa timu ya taifa ilikuwa faida. Kwa wachezaji wenyewe, tutaona.

Kongo iliwekwa kundi moja na Ghana, Senegal na ndugu zetu wa Brazzaville, mechi zao zikachezwa Asmara. Waliwafunga Brazzaville 3-0, wakapoteza kwa Ghana 2-1, wakaifunga Senegal 2-1. Nusu fainali wakakutana na wenye nyumba, Ethiopia, waliokuwa wamechukua kombe mwaka 1962. Uwanja wote upo upande mmoja, mechi ikaenda mpaka muda wa nyongeza. Kongo 3, Ethiopia 2.

Fainali ilikuwa tarehe 21 Januari, na aliyekuwa anawangoja ni Ghana yuleyule, bingwa wa 1963 na wa 1965, aliyekuwa amewafunga siku chache tu nyuma. Bao lilikuwa moja, la Pierre Kalala, dakika ya 66. Baada ya bao lile zilibaki dakika 24 na golikipa wa miaka 20. Ghana haikupita. Kongo ikawa bingwa wa Afrika kwa mara ya kwanza. Kalala alifunga, lakini waliochagua mchezaji bora walimchagua Kazadi. Mabao 5 tu yaliingia katika mechi 5, na katika fainali hakuna.

Ukiangalia vizuri, mwaka 1968 huyu kijana alikuwa bingwa wa Afrika na nchi yake na bingwa wa Afrika na klabu yake. Kama angekuwa mtu wa leo, kabla ya mwisho wa mwaka angekuwa tayari yupo Ulaya, na mama yake ana nyumba ya ghorofa. Yeye alirudi Lubumbashi kucheza.

Englebert walifika fainali ya klabu bingwa tena kwa michuano ya 1969 na ya 1970, fainali 4 mfululizo, lakini hizo mbili za mwisho walizipoteza. Ya kwanza kwa Ismaily ya Misri. Ya pili kwa Kotoko, ambao hatimaye walilipiza: sare 1-1 kwao, halafu 2-1 hapo hapo Kinshasa. Kwenye goli la Kotoko alisimama Robert mwingine, Robert Mensah, kipenzi cha Ghana nzima. Miezi michache baadaye, Novemba 1971, Mensah alichomwa na chupa iliyovunjika kwenye baa kule Tema, akafa. Magolikipa wa wakati ule waliishi kama watu wengine wote, wakinywa bia zao mahali kila mtu anaponywa.

Chui wa Mobutu

Mwaka 1971 nchi ikawa Zaire. Mwaka uliofuata majina ya kizungu yakakatazwa. Robert akawa Kazadi Mwamba, Englebert ikawa Mazembe, na timu ya taifa ikavaa jezi yenye kichwa cha chui kifuani. Ilikuwa ekipe nzito. Bwanga Tshimen wa Mazembe alichaguliwa mchezaji bora wa Afrika wa mwaka 1973, na mwaka huohuo Vita Club ya Kinshasa ikachukua klabu bingwa ya Afrika. Kocha alikuwa Blagoje Vidinić, Myugoslavia, aliyekuwa ameipeleka Moroko kwenye Kombe la Dunia la 1970. Huyu Vidinić alikuwa golikipa zamani, tena mwenye medali ya dhahabu ya Olimpiki ya 1960. Hilo likumbukwe, litarudi.

Zaire iliitoa Togo, Kamerun na Ghana, halafu ikacheza kundi la mwisho na Zambia na Moroko. Tarehe 9 Desemba 1973, Kinshasa, walimfunga Moroko 3-0. Ilikuwa imekwisha: kwa mara ya kwanza nchi ya Waafrika weusi inaenda Kombe la Dunia. Mobutu aliwapa wachezaji nyumba na gari, kila mmoja ya kwake. Walikuwa wafalme wa nchi.

Machi 1974, kule Misri, walichukua Kombe la Afrika la pili. Watu wanakumbuka mabao 9 ya Ndaye Mulamba, na wana haki, maana hakuna aliyewahi kufunga 9 katika Kombe la Afrika moja, mpaka leo. Lakini ile safari ilitaka pia mtu wa kusimama nyuma. Nusu fainali, Misri iko kwake na inaongoza 2-0, bao la tatu lingezima kila kitu. Halikuingia, na Zaire ikageuza mechi ikawa 3-2. Fainali na Zambia ilikwisha 2-2, Wazambia wakisawazisha dakika ya mwisho kabisa ya muda wa nyongeza. Siku mbili baadaye, tarehe 14 Machi, ikarudiwa. Zaire 2, Zambia 0. Kwa mara ya pili Kazadi alimaliza fainali ya Afrika bila kufungwa.

Miezi 3 baada ya hapo, walipanda ndege kwenda Ujerumani.

Gelsenkirchen

Mechi ya kwanza, tarehe 14 Juni kule Dortmund, walicheza na Uskoti. Walipoteza 2-0, mabao ya Lorimer na Jordan, yote katika kipindi cha kwanza. Haikuwa aibu hata kidogo. Waskoti walikuwa watu wa ligi kubwa ya Uingereza, na kipindi cha pili walitulia, wakaridhika na 2. Baadaye walijuta, kama tutakavyoona.

Halafu pesa ikaingia kati. Wachezaji waliahidiwa primu, na wakaja kuelewa kwamba hizo pesa hazitawafikia. Walivyosimulia wenyewe miaka ya baadaye, wakubwa waliofuatana na timu walikuwa wamezila. Kambi ikachafuka, wengine wakasema hawachezi tena. Mwishowe waliingia uwanjani, lakini mioyo ilikuwa imebaki hotelini.

Tarehe 18 Juni, Gelsenkirchen, dhidi ya Yugoslavia, nchi ya kocha wao. Bajević akafunga dakika ya 8. Džajić akafunga dakika ya 14. Šurjak akafunga dakika ya 18. Mabao matatu, saa moja ya kucheza ikiwa bado mbele. Karibu na dakika ya 21, Kazadi akaitwa nje. Hakuwa ameumia. Aliingia Tubilandu Ndimbi, golikipa wa akiba, mtu mfupi zaidi, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuutoa mpira kwenye nyavu, maana dakika ya 22 Katalinski alifunga la nne.

Mtu anayejua mpira anajiuliza: nani anamtoa golikipa mzima dakika ya 21? Na kocha mwenyewe alikuwa golikipa, anajua maana ya kitu kama kile mbele ya dunia nzima. Wapo waliosema Vidinić anawasaidia watu wa kwao. Yeye alieleza baadaye kwamba amri ilitoka kwa mtu wa wizara, na kwamba alikosa kuikubali. Maelezo hayo yanaingia akilini. Katika Zaire ya wakati ule mkubwa wa serikali akikohoa, kocha alipaswa kusikia. Ila aliyetembea kutoka golini mpaka kwenye benchi, macho ya watu yote juu yake, hakuwa mtu wa wizara.

Ajabu ya siku ile haikuishia hapo. Katika fujo ya bao la nne, Mwepu alimpiga teke mwamuzi, Delgado kutoka Kolombia, na mwamuzi akamtoa nje Ndaye Mulamba. Mtu asiyehusika! Mwepu alijaribu kusema ni mimi, bure. Kwa hiyo katika dakika chache tu Zaire ilipoteza golikipa bora na mfungaji bora, wote wawili kwa uamuzi mbovu. Mpaka mapumziko ilikuwa 6-0. Mwisho 9-0. Watu wanaosema Kazadi alifungwa 9 wanakosea hesabu: yeye 3, Tubilandu 6.

Alivyosimulia Mwepu miaka mingi baadaye, baada ya mechi ile walikuja walinzi wa Mobutu, wakafunga hoteli na kuwaambia wachezaji kwamba wakifungwa na Brazil zaidi ya mabao 3, wasifikiri kurudi nyumbani. Kwa hiyo mechi ya tarehe 22 Juni haikuwa mpira wa kawaida. Na Kazadi alirudishwa golini, yuleyule aliyeonekana hafai siku 4 nyuma. Hakuna aliyeomba msamaha, hiyo ni hakika ya namna mambo yalivyokwenda.

Brazil nayo ilikuwa na hesabu yake. Ilikuwa imetoka 0-0 mara mbili, na ilihitaji ushindi wa 3-0 ili kuipita Uskoti. Jairzinho alifunga dakika ya 12. Baada ya hapo Zaire ilishikilia kwa karibu saa nzima, mpaka dakika ya 66 Rivelino alipopiga la pili. Bado moja. Ukielewa vile vitisho, unaelewa pia kwa nini Mwepu alichomoka na kuupiga ule mpira: alisema alikuwa anajua sheria vizuri, alitaka kuchelewesha, na alikuwa na hasira. Wanaocheka kwenye simu hawaambiwi hiyo sehemu.

Dakika ya 79, Valdomiro alipiga mpira kutoka pembeni, upande wa kulia. Haukuwa mkali. Kazadi alishuka kuudaka karibu na mlingoti wake wa karibu, ukampita chini ya mwili, ukaingia. 3-0. Lilikuwa kosa la golikipa, hakuna njia ya kulipamba. Kwa bao lile Brazil ilipita na Uskoti ikarudi nyumbani bila kupoteza mechi hata moja. Yugoslavia, Brazil na Uskoti, zote zilikuwa na pointi 4, mabao ndiyo yalitofautisha. Kule Uskoti wazee bado wanalitaja bao la Valdomiro. Kwa Zaire lilikuwa na maana nyingine: ndilo la tatu, na la nne halikuingia. Wachezaji walirudi nyumbani.

Jumla Zaire ilifungwa mabao 14 na haikufunga. Mwaka uleule Haiti nayo ilifungwa 14, ikafunga 2, na hakuna anayewacheka Wahaiti.

Kinshasa haikuwapokea kama ilivyowaaga. Mobutu alikuwa ameshageukia kitu kingine: tarehe 30 Oktoba 1974 Muhammad Ali na George Foreman walipigana Kinshasa, kwenye uwanja uleule ambapo Zaire ilimfunga Moroko na kukata tiketi ya Ujerumani. Mlango wa kwenda kucheza Ulaya ulibaki umefungwa. Hapo ndipo faida ya taifa ilipogeuka hasara ya mtu: waliokuwa na nyumba na gari walibaki na nyumba na gari, mishahara ya mpira hawakuijua.

Mambo ya Kazadi yangeweza kuwa tofauti kama angezaliwa miaka 30 baadaye. Kidiaba Muteba, golikipa mwingine wa Mazembe, vijana wa Bunia, Beni na Bukavu wanamjua wote kwa kuruka kwake kwa makalio, na baada ya mpira aliingia kwenye siasa. Kazadi alicheza bila kamera za kutosha. Mechi za Addis Ababa ambazo zilimpa heshima hazionekani popote kwenye simu, lakini zile dakika za Gelsenkirchen zipo, kwa rangi, ukitaka kuziona hata usiku wa manane.

Kazadi Mwamba alifariki mwaka 1996, hajafikisha miaka 50. Ni mwaka ambao vita ya AFDL ilianza huku mashariki, na nchi haikuwa na nafasi ya kumlilia golikipa. Mazembe ilikaa miaka 41 bila kupata tena klabu bingwa ya Afrika, kutoka ile ya 1968 mpaka 2009. Mwaka 2010 ikaichukua tena, mara mbili mfululizo kama wakati wa Kazadi, na Desemba hiyo, kule Abu Dhabi, ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya klabu bingwa za dunia.